Idadi ya maiti si matokeo ya mpira

Ukiwa Wema, kando ya Mto Tana karibu na Garsen, habari ya kifo si habari ya mbali. Marehemu ni jirani, na anayeisoma huenda ndiye atakayeitwa kwenda kulipiza.

Agosti 22, 2012 zaidi ya watu 50, wengi wanawake na watoto, waliuawa Reketa. Septemba ikafuata Chamwanamuma, kisha Kilelengwani. Desemba, Kipao. Habari zikawa zinahesabu: Waorma kadhaa, Wapokomo kadhaa. Jamani, hayo si matokeo ya mpira! Ukiandika hivyo, kuna msomaji atakayetafuta bao la kusawazisha.

Mimi naandika programu, kwa hiyo naona na tatizo jingine. Siku hizi kichwa cha habari na picha husafiri kwenye WhatsApp peke yake. Ugomvi wa maji, malisho na mashamba unabaki nyuma. Kinachofika ni kabila na maiti.

Kanuni za Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilitaka habari za mapigano ya kikabila zithibitishwe kwanza, ziandikwe kwa tahadhari. Januari 2019 Wakenya waliikasirikia New York Times kwa picha za maiti wa DusitD2. Basi na maiti wa Tana wapewe heshima hiyo hiyo.

Pendekezo langu: kabla ya kubofya "chapisha", mfumo umuulize mhariri maswali matatu. Ndugu wameshaarifiwa? Kutaja kabila kunaeleza chanzo, au kunachochea tu? Idadi hii ni ya saa ngapi, na nani kaitoa?

Visanduku vitatu tu vya kuweka tiki. Mnaonaje?