Saa ya Kifuniko cha Sufuria Haijakosea

Mteja wangu wa tatu alinirudishia saa. Aliitoa kwenye mfuko, akaiweka mezani, akasema bila hasira, "Boss, saa yako imekosea masaa sita."

Nikaiangalia. Mshale mfupi ulikuwa kwenye 4, mrefu kwenye 12. Nikatoa simu, nikamsomea ujumbe aliokuwa ameniandikia usiku uliotangulia: tukutane kesho saa nne.

"Kwani saa hii ni saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa nne."

"Na hiyo saa inasema ngapi?"

"Inasema nne."

Tukanyamaza kidogo.

"Lakini imekosea," akasema.

Nilimrudishia pesa zake zote. Simwoni mjinga, hata mimi miaka miwili iliyopita ningeirudisha. Lakini tangu siku hiyo nina ugomvi na watu wangu, yaani wasee tunaotengeneza saa za mapambo kutokana na vitu vilivyotupwa.

Kwanza niseme saa yenyewe ilivyo. Ni kifuniko cha sufuria. Sufuria ilitoboka chini, ikazibwa, ikatoboka tena, mwishowe ikaenda kwa watu wa skrapu. Kifuniko kilibaki kwa sababu hakikuwa na kosa lolote. Ukiondoa kishikio cha katikati, unakuta tundu la skrubu liko pale pale saa inapotaka tundu. Unalipanua mpaka milimita 8, unapitisha shingo ya mashine ya saa. Mashine niliitoa kwenye saa ya plastiki iliyovunjika kioo: ile ya kawaida, ya betri moja ndogo, yenye kipande cha kwatsi ndani kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kwa kuwa kifuniko ni chembamba, unakata mpira wa patipati iliyokatika, unauweka nyuma ili mashine isichezecheze. Vizibo 12 vya soda vinakuwa nambari, unaziandika kwa rangi ya kucha. Ni kazi ya alasiri moja.

Mpaka hapo sote tuko pamoja. Vidio za kazi kama hii zimejaa mtandaoni, na mtaani wako wanaotumia vijiko, sahani za bati zilizobanduka rangi, hata rimu za baiskeli. Wanasema wanaokoa kilichotupwa, nami nawapigia makofi. Lakini wakishamaliza wanaweka betri, wanatoa simu mfukoni, na kuuzungusha mshale mfupi mpaka ufanane na simu.

Hapo ndipo ninapouliza: mmeokoa nini? Katika nyumba zetu hakuna kitu kilichotupwa kama hesabu yetu ya saa. Sufuria angalau ina mtu wa skrapu anayeipitia Jumamosi. Hesabu ya saa tunayo mdomoni kutwa kucha, na ni nadra sana kuikuta ukutani.

Hebu jisikilize siku moja. Mshale uko kwenye 7, unasema saa moja. Uko kwenye 9, unasema saa tatu. Macho yanaona nambari moja, mdomo unataja nyingine, na umezoea hivi kwamba hujui tena kuwa unatafsiri. Si Waswahili peke yao wanaohesabu hivi. Mkikuyu anahesabu hivyo, Mganda anahesabu hivyo. Waethiopia nao wanahesabu hivyo, na wako wanaovaa saa za mkononi zilizowekwa kwa hesabu hiyo, wala hawaombi mtu radhi.

Ijumaa Kuu kanisani tunasomewa kwamba Yesu alisulubiwa saa tatu, na giza likatanda kuanzia saa sita hadi saa tisa. Bibi yangu hahitaji mtu wa kumfafanulia: anajua kabisa jua lilikuwa wapi. Anayesoma habari hiyohiyo kwa Kiingereza ndiye anayehitaji maelezo chini ya ukurasa. Basi kuna mambo ambayo saa ya bibi inaeleza vizuri kuliko saa ya ofisi.

Na hesabu yenyewe si ushamba. Inatokana na mahali tulipo. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Kati ya siku linapowahi zaidi na siku linapochelewa zaidi, tofauti ni kama nusu saa tu. London, mwezi wa Juni jua hutoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Desemba hutoka baada ya saa mbili asubuhi. Watu wa kule hawawezi kuanzisha hesabu ya siku kutoka macheo, ingewayumbisha. Sisi tunaweza. Saa tatu asubuhi maana yake mchana umekula kama saa tatu. Ni hesabu ambayo mtu anaweza kuikagua kwa kutazama nje.

Wako watakaosema saa ya simu ndiyo ya kweli, hii nyingine ni desturi tu. Haya. Saa ya simu yako imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 Mashariki. Mstari huo haupiti Kenya, unapita Somalia. Ndiyo maana Nairobi, simu ikisema ni adhuhuri kamili, kwa wastani jua huwa limebakiza kama nusu saa kufika kilele. Silalamiki. Nchi inahitaji saa moja ya kukubaliana, na tulikubaliana na hiyo. Lakini makubaliano ni makubaliano. Usiyaite ukweli halafu ukaita ya bibi yangu kosa.

Ningeweza kuyaacha haya yote yapite, niuze saa zangu nile, kama si mpwa wangu wa gredi ya tatu. Alikuja na zoezi la Kiswahili lenye picha ya saa, mshale mfupi kwenye 3. Chini yake aliandika "saa tatu". Akapata kosa, jibu likiwa saa tisa. Mwalimu yuko sahihi, hivyo ndivyo tunavyosema. Lakini mtoto aliniuliza, "Anko, kwa nini wameandika tatu kama si tatu?"

Nilimwambia awe anaongeza sita au anatoa sita. Ndilo jibu nililopewa mimi pia nikiwa mdogo. Sasa yeye na wenzake wamepata njia ya mkato: wanaongea Kiswahili vizuri tu, wakifika kwenye saa wanaruka kwa Kiingereza, halafu wanarudi. Siwalaumu. Hakuna ukuta hata mmoja, si nyumbani, si darasani, unaowaambia kwamba tatu ni tatu.

Najua hoja za upande wa pili. Tiketi ya basi, ratiba ya mtihani, mahojiano ya kazi. Ni kweli. Ukikosa basi la Mombasa kwa sababu ya kifuniko changu, pole yangu haitakufikisha. Ofisini na stendi wekeni saa ya ofisi. Lakini hii ni pambo, ninyi wenyewe mnaiita pambo. Anayekuamsha ni simu, anayekuwahisha kazini ni simu. Ile saa ya sebuleni haina jukumu isipokuwa kupendeza na kusema kitu kuhusu wenye nyumba. Kitu kisicho na bosi kina nafasi ya kuongea lugha ya nyumbani. Tukiwa na nafasi hiyo na bado tunanakili simu, basi tusiseme tulilazimishwa.

Mgeni atachanganyikiwa? Atachanganyikiwa dakika moja, acheke, aulize, aelezwe. Mpwa wangu amechanganyikiwa muhula mzima na hakuna aliyemwonea huruma.

Na gharama ni bure kabisa. Hii ndiyo inaniuma zaidi. Huhitaji mashine nyingine wala vizibo vya aina nyingine. Acha 12 juu na 6 chini kama kawaida. Siku ya kuweka betri, simu ikionyesha 7:00 asubuhi, peleka mshale mfupi kwenye 1 na mrefu kwenye 12. Umemaliza. Dakika hazibadiliki, robo ni robo, kasorobo ni kasorobo. Jua likitua, hesabu inaanza upya yenyewe, saa moja usiku, bila kuguswa. Kazi yote ni ya sekunde kumi, na hizo sekunde kumi ndizo tunazikataa.

Kwa hiyo kwa wasee wa vifuniko na vijiko: endeleeni kuokota. Lakini kabla hujaipiga picha kazi yako na kuandika kwamba umekipa uhai kitu kilichokuwa kimekufa, angalia mshale wako mfupi unaongea lugha ya nani.

Kile kifuniko nilichorudishiwa bado kiko ukutani kwangu. Mpwa wangu akija hukisoma kwa sauti, bila kujumlisha wala kutoa, halafu anaendelea na uji wake. Bei ni ileile, mia nane. Anayekitaka aje Jumamosi saa nne. Akifika, akitazame: kitamwambia kama amechelewa.