Ushirika Meru usomeshe mtaalamu wa joto la usiku

Wakulima wengi wa kahawa Meru hulalamikia jua la mchana. Kumbe adui mkubwa ni joto la usiku. Mwanasayansi Alessandro Craparo na wenzake walipitia takwimu za miongo kadhaa za Tanzania, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo: joto la usiku likipanda nyuzi 1, hekta hupoteza kilo 137 kwa mwaka, yaani kama kilo 55 kwa ekari. Hasara hiyo si ndogo hata kidogo.

Vijana wa Arusha wanaosomea kilimo huishia kuuza mbolea dukani, nayo si kazi mbaya. Lakini vyama vya ushirika vinashindwaje kumsomesha hata mmoja apime joto la usiku kwenye kahawa iliyo chini ya migomba, na kwenye shamba lisilo na kivuli?