Makorongo ya Mamba na Sheria ya Kijiji

Tangu Novemba 2009, mvua za vuli zilipoubomoa mlima katika Mamba Miamba, na udongo ukafukia nyumba pamoja na waliokuwamo, wakafa watu zaidi ya 20, haimpasi tena mtu yeyote mwenye akili katika milima ya Upare kusema kwamba mahali pa kujenga ni hiari ya mwenye kiwanja peke yake.

Sheria za nchi ziko. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeitaja miongoni mwa ardhi hatarishi ile iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu katika kipimo hichohicho. Walakini kipimo hicho, ingawa ni chema, chataka mto wenye maji na ukingo wa kuonekana, ilhali adui wetu aghalabu ni korongo lililo kavu karibu mwaka mzima, ambalo watu hulikatiza kwa miguu bila kulidhania lolote, na pale linapotoka katika mteremko mkali na kufikia uwanda, hapo ndipo penye kiwanja kinachotamaniwa na kila mjenzi, kwa kuwa ni tambarare na udongo wake una rutuba. Na ajiulize mjenzi huyo, katika nchi yenye miinuko namna hii, ni nani aliyemsawazishia? Achimbe msingi, ayatazame matabaka: mchanga, kisha mawe, kisha udongo mweusi, kisha mawe tena. Hayo yote yaliletwa na maji, nayo yana njia ya kurudi.

Kwa hiyo nasema kwamba mpaka wa hatari hauwezi kuchorwa Dodoma wala Same mjini. Yapasa uchorwe na wanakijiji wenyewe, wazee wanaokumbuka mafuriko yalifika wapi wakienda pamoja na mtaalamu wa ardhi wa wilaya, kisha uandikwe katika sheria ndogo, ambayo Halmashauri ya Kijiji imepewa mamlaka ya kuitunga tangu mwaka 1982, ikaridhiwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na wilaya. Wala asiseme mtu kwamba Wapare hawatatii amri ya namna hiyo. Babu zetu walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya maji, wakakusanya maji ya usiku ili yamwagilie mchana, wakagawana zamu, na aliyeiba maji au kukwepa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, alitozwa faini bila ya askari kuitwa. Watu walioweza kuyatawala maji machache kwa adabu hiyo, wanashindwaje kujikinga na maji mengi?

Najua kizuizi kiko wapi, nacho si ukaidi. Shamba la baba limegawanywa kwa watoto, likagawanywa tena kwa wajukuu, hata kijana wa mwisho akaachiwa ukingo wa korongo kuwa ndiyo mirathi yake. Kumwambia huyo asijenge, bila ya kumwonyesha pengine pa kujenga, ni dhuluma iliyovikwa vazi la sheria, na yamkini atajenga kwa siri. Basi sheria ndogo isiyotaja ardhi mbadala haijakamilika. Ukoo wenye nafasi uombwe kubadilishana, kijiji kitoe sehemu ya ardhi yake ya akiba, na ukingo ulioachwa upandwe miti au majani ya mifugo, mwenyewe akiendelea kuyavuna, ili asipoteze haki yake kwa sababu ameokoa roho yake.

Aidha, jambo hili haliwahusu walio juu peke yao, kwa maana maji yetu na udongo wetu huteremkia Maore na Ndungu, penye mashamba ya mpunga. Na waliodhani msiba wa mwaka 2009 hautakuwa na mfano, waliona Desemba 2023 jinsi tope la Mlima Hanang lilivyoingia mji wa Katesh.

Mkutano mkuu ujao wa kijiji uipokee ajenda hii kabla ya masika, na vigingi vya mpaka vipigwe kwa msaragambo, kuanzia korongo ambalo chini yake pana shule au nyumba nyingi zaidi.