Mashine ya Zamani Isizimwe Mpaka Hesabu Zetu Zionekane



Hapa Naitiri, na pande zote za Kitale na Bungoma, katika maghala, viwanda na mashamba, matajiri wanahamisha vitabu vya mishahara. Ile kompyuta ya ofisini inayokaa chini ya meza ya karani na kufunikwa kitambaa, yaambiwa imezeeka. Hesabu zake zitapelekwa “kwenye wingu.” Neno hili hutamkwa kwa heshima kubwa, kana kwamba mishahara yetu inapelekwa mbinguni.

Wingu hili si la mvua. Ni kompyuta za watu wengine, zimepangwa katika majumba makubwa yenye hewa ya baridi na umeme wa akiba. Amazon wanazo Cape Town tangu 2020, Microsoft wanazo Johannesburg tangu 2019, na nyingine ziko Ireland na Marekani. Zamani tajiri alinunua programu mara moja, akaitia katika mashine yake, akaitumia mpaka ikachakaa. Sasa anapanga, kama vile wewe unavyopanga chumba: kila mwezi alipe kodi, tena kwa kila karani anayeitumia. Asipolipa, mlango unafungwa na vitu vimo ndani.

Hatusemi kwamba mashine ya zamani ni nzuri. Panya hula nyaya zake, umeme ukipotea kazi inalala, na moto ukiingia ofisini kila kitu kimekwisha. Tena wenye programu wenyewe wanawasukuma matajiri. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nao SAP wa Ujerumani wametangaza ya kwamba matengenezo ya kawaida ya programu yao ya zamani, ECC, yatakoma mwisho wa 2027. Kwa hiyo safari ipo, tupende tusipende. Ugomvi wetu ni juu ya mzigo unaopakiwa na ule unaoachwa.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mfanyakazi anapoibiwa bila mwizi kuonekana. Fundi wa kuhamisha hesabu hulipwa kwa kazi. Vitabu vikiwa vingi na vimechafuka, bei inapanda. Basi tajiri husema: chukueni walio kazini leo, chukueni baki ya mwezi huu, pengine na mwaka mmoja wa nyuma, ya kale yaacheni yalipo. Yanaachwa ndani ya mashine ile ile, nayo inatupwa stoo. Baada ya miaka miwili haiwaki, na karani aliyejua neno lake la siri amekwisha kustaafu.

Na hayo ya kale ni nini? Ni tarehe uliyoandikwa kazi. Ni likizo ambazo hukupewa, saa za ziada ambazo hukulipwa, makato ya NSSF na ya ushirika, mkopo uliomaliza kulipa. Ni ile misimu uliyobeba magunia kama kibarua kabla ya kupewa barua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yasema mtu akipunguzwa kazini alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Sasa mtu amefanya kazi miaka 20, na mashine mpya inamjua kwa miaka 3 tu. Amepoteza siku 255 za mshahara, wala hakuna aliyetia mkono mfukoni mwake.

Waulizeni wenzetu wa Nzoia. Kiwanda chao cha sukari kilikodishwa kwa miaka 30 mwaka 2025, huku wao wakidai malimbikizo ya mishahara. Siku kama hiyo swali ni moja tu: imeandikwa wapi?

Serikali yenyewe imetuonyesha mambo haya. NHIF, iliyoanzishwa 1966, iliondoshwa, na tarehe 1 Oktoba 2024 ikaanza SHA kwa kukata asilimia 2.75 ya mshahara wetu. Uliletwa mtambo wa kompyuta wa kundi la makampuni likiongozwa na Safaricom, kwa Sh. 104.8 bilioni. Siku za kwanza wagonjwa walikwama hospitalini, wengine wakatoa fedha taslimu. Mwezi wa Machi 2025 ikatoka ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Bi. Nancy Gathungu: mtambo haukununuliwa kwa ushindani, na wala si mali ya Serikali. Waliotetea walisema hakuna fedha iliyotolewa mbele, inalipwa kadiri ya matumizi kwa miaka 10. Hiyo ndiyo ile kodi ya chumba! Fedha ni zetu, magonjwa ni yetu, mtambo ni wa wengine.

Tena wingu nalo huanguka. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Tarehe 20 Oktoba 2025 mitambo ya Amazon huko Virginia iliharibika, na kazi za watu wa nchi nyingi zikasimama. Mwenye duka la Naitiri hawezi kungoja Virginia ndipo umlipe unga wake.

Kuna matajiri wanaosema jambo hili ni la mafundi, haliwahusu wapakiaji. Magunia tuliyopakia yamo ndani ya kompyuta hiyo, na yametuhusu tangu tulipoyainua.

Twataka chama kiitwe kabla mkataba haujatiwa sahihi. Kila mfanyakazi apewe karatasi yake iliyochapwa kutoka mashine ya zamani, aikague, atie sahihi au apinge. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake. Mashine mbili ziende pamoja miezi mitatu na mishahara ilinganishwe. Nakala ya vitabu vyote ikae hapa hapa, isiwe kwa mwenye wingu peke yake. Na karani wa mishahara, ambaye tumemlaumu mara nyingi (na mara nyingine kwa haki), asifukuzwe kimya kimya: kifungu hicho cha 40 chadai chama na Afisa wa Kazi wapewe notisi ya mwezi mmoja pamoja na sababu. Yeye ndiye anayejua makosa yamelala wapi.

Wajumbe wa matawi wanakusanya ushahidi. Tafuteni masandukuni na chini ya magodoro: karatasi za mshahara, barua ya kuandikwa kazi, kadi ya NSSF, hata daftari la kibarua. Zipigeni picha kwa simu, na zenyewe mzilete katika mkutano ujao wa tawi. Barua itakwenda kwa kila tajiri, nayo itauliza: mnahamisha miaka mingapi?