Mauti ya Nyota na Bahari ya Malindi

Mtu asimamaye usiku wa Januari, mvua zikiwa zimepumzika, juu ya vilima vya Kanombe, akazipa kisogo taa za uwanja wa ndege, huiona karibu mbingu yote, kwa kuwa Kigali iko kusini ya Istiwai kwa digrii mbili tu: Jabari hupita utosini, Shira hung'ara kando yake, na Suheli huonekana upande wa kusini. Rai yangu ni kwamba watoto wetu wanastahili kufundishwa kwa Kiswahili namna nyota hizo zinavyokufa, wala wasifundishwe kama ilimu ya kuazima, maana sehemu ya ushahidi wake ilipatikana kwa chombo kilichorushwa katika bahari yetu wenyewe.

Nyota huandikiwa ajali yake siku ya kuzaliwa, na kinachoiandika ni wingi wa maada iliyokusanyika ndani yake. Mtu angetazamia kwamba nyota nzito, yenye akiba kubwa ya haidrojeni, ingeishi zaidi. Kumbe uzito uleule hukikamua kiini, joto likapanda mno, na akiba ikateketea kwa israfu hata ikaisha katika miaka milioni chache, ilhali Jua letu, litumialo kwa kadiri, limekwisha kuishi miaka bilioni 4.6 na limebakiwa na kama bilioni 5. Shira ni shahidi wa jambo hili: inaye mwenzake asiyeonekana kwa macho matupu, ambaye zamani alikuwa mzito kuliko yeye, na kwa sababu hiyo akatangulia kufa, akabaki kibete cheupe chenye maada karibu sawa na ya Jua katika umbo lisiloizidi dunia. Jua nalo litaishia hivyo. Wanaohofu kwamba litageuka shimo jeusi wanahofu bure.

Mpaka wa maada ya vibete hivyo aliuanzia hesabu Subrahmanyan Chandrasekhar mwaka 1930, kijana wa miaka 19 aliyekuwa melini kutoka Bombay kwenda Ulaya, akivuka bahari ambayo majahazi yetu yameizoea kwa karne nyingi. Hesabu hiyo ilipokamilishwa ilionyesha kwamba kiini kilichozidi mara 1.4 ya maada ya Jua hakiwezi kujizuia kisiporomoke. Ndiyo yatakayoipata Betelgeuse, ile nyekundu ya begani mwa Jabari, na aghalabu ya nyota zilizozaliwa na maada zaidi ya mara nane ya Jua: kiini hugeuka chuma, kisichotoa nishati kikiunganishwa, kikabomoka kabla ya kutimia sekunde moja, na nyota ikalipuka. Hubaki tufe la nutroni lenye upana wa kilomita 20 hivi, liwezalo kuenea ndani ya mipaka ya Jiji la Kigali ingawa ni zito kuliko Jua. Ama, kwa zile nzito kupita kiasi, hubaki shimo jeusi.

Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za mbinguni, nayo ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyodhihirisha kwamba Centaurus X-3, chanzo kimoja cha eksirei hizo, hupiga kila baada ya sekunde 4.8, alama ya nyota ya nutroni. Na ndiyo iliyokiona chanzo kingine, Cygnus X-1, kikimetameta kwa kasi ya ajabu, hata wataalamu, walipokwisha kupima mwendo wa nyota iliyo jirani nacho, wakakiri kuwa pale pana shimo jeusi, la kwanza kukubaliwa na wengi.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, nasi tunakisifu zaidi kwa faida yake sokoni na mipakani. Ni dhuluma kukikomesha hapo. Mwalimu wa Kanombe hana haja ya darubini ya thamani: na awatoe wanafunzi nje usiku, awaonyeshe Shira na Betelgeuse, awaulize ipi itatangulia kufa na kwa sababu gani, kisha awasimulie habari za Malindi; na wenye mamlaka ya mitaala, Kigali, Nairobi na Dodoma, wamwandikie kitabu cha kusomeshea.