Sinia Moja, Tumbo Dogo

Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ilianza mwaka 2022 kutibu unene kwa puto liwekwalo tumboni, upasuaji ukafuata. Kwa hiyo mkazi wa Mbegani halazimiki tena kwenda ng'ambo. Lakini aelewe analolichagua. Puto huondolewa baada ya miezi kadhaa. Upasuaji uondoao yapata robo tatu ya mfuko wa chakula haurudishiki. Njaa hupungua, kwani sehemu iliyokatwa ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya njaa. Majuma ya kwanza mgonjwa hunywa vitu vya majimaji tu, kisha hula vilivyopondwa. Vitamini na vipimo vya damu ni vya maisha yote.

Hapa ndipo penye shida. Pwani twala sinia moja, na aachaye kula mapema huulizwa ana kinyongo gani. Atawezaje kueleza kila siku kwamba kipande cha samaki kabla ya wali wa nazi ndiyo dawa yake? Kwa maoni yetu, asipasuliwe mtu kabla ya jamaa zake kuketi mbele ya daktari na kufunzwa. Kisu hupunguza tumbo. Sinia hupunguzwa na watu wa nyumbani.