Muvi iliyomwambia mama "utapata mwingine"

1.
 Najua mnasubiri ile sehemu ya mtoto anayekataa uji, nitaileta wiki ijayo inshallah. Leo nimetoka zamu ya usiku, usingizi umegoma, na kuna jambo la muvi linanikereketa tangu Jumamosi. Msicheke. Linaanzia kwenye muvi lakini litafika wodini, nivumilieni.

Jumamosi mdogo wangu wa kiume alikuja nyumbani na flashi imejaa muvi. Nikaiona Terminator: Dark Fate, ile ya 2019, ambayo sikuwahi kuitazama. Akaniambia, "Dada, hiyo iache, wameiharibu." Nikamwona mjuaji tu. Nikaweka. Dakika chache za mwanzo nikanyanyuka, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kama hujaiona na unataka kuiona, ishia hapa, maana nitausema utamu wote.

2.
Kwanza niwarudishe nyuma kidogo. Mimi ni mtoto wa Ngamiani. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza: mabenchi ya mbao, blanketi limening'inizwa mlangoni kuzuia mwanga, televisheni moja na deki. Watoto wa kike tulikuwa haturuhusiwi. Mimi nilitumwa nikamrudishe mdogo wangu, nikakaa. Tulirudi pamoja saa moja usiku na bakora tulikula pamoja.

Wa rika langu mnakumbuka zile kanda zilizotafsiriwa. Muvi ya Kizungu, halafu juu yake mtu anakusimulia kwa Kiswahili, anatia na chumvi yake, wengine anawabatiza majina. Marehemu Lufufu alikuwa mfalme wa kazi hiyo. Tuliojua Kiingereza cha "good morning teacher" tu, tulielewa kila kitu.

Na kibanda kilikuwa na sheria moja ambayo kila mtoto aliijua: steringi hafi. Apigwe, atupwe ghorofani, gari limlipukie, sisi tumetulia. Tunajua atainuka.

3.
Ndipo nilipoiona Terminator. Kwa wasioijua: ya kwanza ilitoka 1984. Sarah Connor ni msichana wa kawaida, mhudumu wa mgahawa. Mashine yenye umbo la mtu inatumwa kutoka mwaka 2029 ije kumuua kabla hajamzaa mtoto, kwa sababu huyo mtoto, John, ndiye atakayekuja kuwaongoza watu kwenye vita dhidi ya mashine. Yaani kosa lake ni tumbo lake.

Ya pili ni ya 1991, na ndiyo tuliyoipenda zaidi. John ana kama miaka kumi. Mama yake amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, maana kila akisema hatari inakuja wanamwona kichaa. Mama gani hapa hajawahi kupeleka mtoto mahali akaambiwa "hana kitu huyo, wewe unaogopa tu"? Mimi nilikuwa mtoto, lakini lile la mama kutosadikiwa nililielewa.

Safari hii mashine ya Arnold Schwarzenegger, ambaye pale kibandani tulimwita Komando, imetumwa kumlinda mtoto. Mwishoni, ili vita isije kutokea, inabidi na yeye aangamizwe. Anashushwa taratibu kwenye chuma kilichoyeyuka, mtoto analia, na kitu cha mwisho kuonekana ni mkono wake ameinua dole gumba. Kibanda kizima kimya. Vijana wakubwa waliokuwa wanavuta sigara nyuma wakajifanya moshi umewaingia machoni.

Angalieni hapo: steringi alikufa, na hatukulalamika. Tulikubali kwa sababu kifo chake kilinunua kitu. Mtoto alibaki hai, mama alibaki na mwanawe.

4.
Baada ya hapo zikaja za mwendelezo. Ya 2003, Sarah tumeshaambiwa alikufa kwa saratani ya damu, na vita inakuja vilevile. Ya 2009, tumo ndani ya vita. Ya 2015, John mwenyewe anageuzwa mashine, anakuwa adui. Mdogo wangu alizitazama zote, na kila moja alitoka nayo amenuna.

Hii ya 2019 ikaja na ahadi. James Cameron, aliyeongoza zile mbili za mwanzo, amerudi kama mtayarishaji. Linda Hamilton, Sarah wetu, amerudi kwenye skrini baada ya miaka 28. Hizo tatu za katikati zihesabuni hazipo, hadithi inaendelea pale tulipoiachia 1991. Ungekuwa wewe usingefurahi?

Sasa inavyoanza. Mwaka 1998, Guatemala, ufukweni. Sarah na John wamekaa kwenye baa, wamepumzika, kazi imekwisha. Inaingia mashine yenye sura ileile ya Arnold, inampiga John risasi mbele ya mama yake, inaondoka. Basi. John ameisha. Halafu tunaambiwa lile adui la zamani halipo, lakini limekuja jingine la jina lingine. Na badala ya John kuna Dani, binti wa Mexico. Haya, mkimbizeni, mlindeni, twende.

Ni sawa na mtu umelipa deni dukani mpaka senti ya mwisho, umefuta jasho, kesho yake mwenye duka anakwambia daftari limepotea, tuanze upya. Fedha unaweza kuzitafuta tena. Jasho lile utalitoa wapi?

Nikamwambia mdogo wangu, "Hawa watu wamemwambia Sarah atapata mwingine." Nilipolitoa hilo neno kinywani, ndipo nikajua kwa nini nilikimbilia jikoni.

5.
Nilikuwa nimeajiriwa miezi michache tu, stashahada yangu bado inanukia wino. Mama mmoja, uzazi wa kwanza, alijifungua mtoto ambaye hakulia. Tulifanya yote ya kufanya, hakulia. Tukamfunika, tukamwondoa haraka, maana ndivyo tulivyodhani inamsaidia mama. Mimi nikabaki kitandani kwake. Nikamshika bega, nikasema nilichowasikia bibi zangu, majirani na wakubwa wangu wa kazi wakisema tangu nipate akili: "Usilie mama. Bado mdogo, utapata mwingine."

Akageukia ukutani.

Siku chache baadaye alirudi, homa kidogo na kanga imelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yametoka. Mama wenzangu, maziwa hutoka siku ya pili, ya tatu, ya nne baada ya kujifungua, mtoto awepo asiwepo. Mwili haujapewa taarifa ya msiba. Nikamsaidia: sidiria ya kubana kiasi, kitambaa cha maji baridi, kukamua kidogo tu anapozidiwa bila kumaliza, dawa ya maumivu. Wakati natoka akaniuliza, "Nesi, alikuwa na nywele?"

Mimi nilikuwa nimemwona mwanawe. Yeye hakumwona.

Nikamwambia, "Nyingi. Nyeusi tii." Ndipo akalia, na safari hii sikumkataza.

Tangu siku hiyo neno "utapata mwingine" halijatoka mdomoni mwangu. Kweli wengi hupata mwingine, nimewashika wengi wa hao wengine kwa mikono yangu. Lakini yule anayekuja ni mtoto wake mwenyewe. Hakuja kuziba pengo la mtu.

6.
Niwe mkweli lakini, muvi yenyewe si mbovu yote, na baada ya vile vyombo nilirudi nikaimaliza.

Kuna mahali Sarah anadhani Dani anawindwa kwa sababu atazaa kiongozi, kama alivyowindwa yeye. Kumbe kiongozi ni Dani mwenyewe. Hapo niliwapigia makofi. Miaka 35 tangu ile ya kwanza, hatimaye mwanamke anatafutwa kwa kichwa chake.

Na kuna mahali Sarah anaeleza kwamba hana hata picha moja ya John. Hakupiga makusudi, mashine zisije kuijua sura ya mtoto. Sasa ameanza kuisahau sura yake. Ndugu zangu, maneno hayo yameandikwa na mtu anayejua msiba ni nini. Nilimkumbuka mama wa kanga iliyolowa.

Lakini maneno hayo yamesemwa katikati ya kukimbizana, kisha safari inaendelea. Na yule muuaji wa John yeye amepewa nyumba Texas, mke, mtoto wa kumlea na biashara ya mapazia, na nafasi ya kutosha kutueleza alivyobadilika. Mama kapewa sentensi chache, muuaji kapewa familia. Ndiyo maana wapenzi wa Terminator walinuna. Wengine waliona wanalilia utoto wao tu. Mimi naona walikuwa wanataka matanga ya John.

7.
Mdogo wangu akanipinga. "Dada, wewe mwenyewe wodini unaona. Watu wanakufa bila sababu. Muvi imeonyesha ukweli." Hoja nzito. Nikamjibu kwa muvi nyingine: Wakanda Forever, ya 2022.

Pale steringi alikufa kweli, si kwa kalamu ya mtunzi. Chadwick Boseman, mfalme wetu T'Challa wa Black Panther ya 2018, alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana aliyogundulika nayo 2016. (Nesi hakosi la kusema: damu kwenye choo, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, hata kama una miaka thelathini, nenda ukapimwe. Usiseme ni bawasiri tu.)

Waliotengeneza mwendelezo wangeweza kuweka mwigizaji mwingine kwenye kiti chake, na wako wapenzi waliotaka hivyo. Hawakuweka. Muvi inaanza na mfalme mgonjwa, dada yake Shuri anahangaika na dawa, dawa inashindikana. Kisha mazishi. Watu wote wamevaa nyeupe, ngoma, jeneza linabebwa. Mwaka unapita, mama yao anamwita Shuri wachome nguo za msiba. Shuri hayuko tayari. Mambo mengi yanatokea, vita inapiganwa, na mwishoni kabisa Shuri yuko Haiti, ufukweni, peke yake. Anawasha moto, anaichoma ile nguo, anakaa anamkumbuka kaka yake. Hapo tu ndipo Nakia, yaani Lupita Nyong'o wa hapo Kenya, anapomleta mtoto ambaye Shuri hakujua kwamba yupo: mtoto wa T'Challa.

Mnaona mpangilio? Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Matanga yanakaa, watu wanalala chini, mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, arobaini inasomwa, matanga yanaanuliwa. Ndipo mgeni mpya anapokaribishwa. Wako waliosema muvi ile ni ndefu na ina mambo mengi, na mimi nakubali, kuna mahali nilisinzia. Lakini hakuna mtu aliyeambiwa "utapata mwingine".

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu: sikatai John kufa. Kifo hakiombi ruhusa, hilo nalijua kuliko wewe. Nakataa watu wasikae naye hata kidogo, wakati kalamu ilikuwa mkononi mwao.

8.
Nafunga, usingizi umeanza kuja.

Mtoto aliyezaliwa amefariki, au mimba iliyotoka, mara nyingi kwetu haina matanga. Anazikwa upesi, turubai halifungwi, na mama anarudi nyumbani kukuta vile vijinguo vimeshafichwa. Kila mtu anataka aende moja kwa moja kwenye sehemu ya pili. Basi akiwa ni shoga yako, wifi yako, mkeo, mkweo, fanya haya machache. Mwambie pole, unyamaze. Muulize mtoto alikuwa na jina gani, au angempa jina gani. Akitaka kumwona mtoto kabla ya kuzikwa, muombeeni kwa nesi, msimkatalie. Asipotaka, msimlazimishe. Na baba pia aulizwe, naye ni mfiwa.

Akivuja damu nyingi, akipata homa, titi likiwa jekundu na linauma, au zaidi ya wiki mbili halali, hali, hataki mtu, au anasema afadhali naye afe, mleteni hospitali. Hilo la mwisho msisubiri hata siku moja.

Na kuhusu muvi: ile ya 1991 bado naipenda, ila si ya watoto wadogo, ina mauaji mengi, msiwawekee. Kwangu mimi hadithi ya Sarah iliishia pale kwenye chuma kilichoyeyuka, mtoto yuko hai. Mdogo wangu amenipa ruhusa ya kuamini hivyo.

Aliyempoteza na hakupata nafasi ya kumtaja, amtaje hapo chini. Jina tu linatosha. Nitayasoma yote nikiamka.

Nesi wenu, Tanga.